Kuku Alitembea Kabla Yangu

Ninaandika haya kwa ajili ya wale waliolala sasa hivi mguu ukiwa umefungwa, wakiangalia paa, wakisikia watu barazani wanauzungumzia mguu wao kana kwamba si wao. Mimi nililala hivyo msimu mzima wa mvua na nusu ya kiangazi. Kuandika kumenichukua miezi miwili, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la sita na mkono wangu hauna haraka. Dada yangu Feza amesoma kila ukurasa na amesema nimewaonea watu huruma mno. Nimejaribu kurekebisha.

Kazi yangu ilikuwa kushuka milima kwa baiskeli. Nilianza kama vijana wengi wa njia ya Kasongo na Kabambare: bidoni nne za mafuta ya mawese nyuma, unasukuma kwenye mpando, unapanda kwenye mteremko. Wengi huogopa kushuka, maana baiskeli zetu hazina breki. Unavua ndala moja na kuibana kwenye gurudumu la nyuma kwa kisigino. Mimi kushuka kulinipumzisha. Kwenye mpando watu huzungumza, hutaniana, hukuuliza utaoa lini. Kwenye mteremko hakuna anayekuuliza kitu.

Siku moja Bwana Assani, mwenye duka la vipuri huko Salamabila, aliniona nikiwapita wenzangu watatu na mzigo wangu mgongoni mwa baiskeli. Wafanyabiashara wa huko, siku za sikukuu, huwashindanisha vijana wao mlimani. Hakuna mzigo, hakuna kukanyaga sana, ni kushuka tu kwenye barabara iliyochimbwa na mvua, na wa kwanza kufika chini ndiye mshindi. Tunaita mushuko. Bwana Assani alinipa baiskeli ya matairi manene na breki za kweli, fulana ya njano yenye jina la duka lake, na chumba nyuma ya stoo. Kwa viangazi vitatu sikuwa na kazi nyingine. Salamabila, Lusangi, Kabambare, kisha tunarudia. Siku moja kabla ya mashindano nilipanda mlima kwa miguu, peke yangu, nikigeuza mawe na kukariri kila mtaro: hapa kaa kushoto, hapa inua gurudumu, hapa usiguse breki hata ukiona kifo. Watu waliniita Bila-Breki, nami ndimi peke yangu niliyekuwa nazo. Nilishinda mara nyingi. Niliposhindwa, nilijua ni jiwe gani.

Mashindano ya mwisho ya kiangazi cha tatu yalikuwa kwenye mlima ulio karibu na Lusangi. Niliutembea Ijumaa. Jumamosi mvua ya kwanza ikanyesha, mapema kuliko kawaida, usiku kucha. Jumapili Bwana Assani alinikuta nimesimama juu ya mlima nikitazama chini.

"Unatafuta nini, Bila-Breki?"

"Njia imebadilika, patroni," nilisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mulima ni ule ule. Watu wamekwisha kufika."

Mlima haukuwa ule ule. Nilijua. Ningeomba nusu saa tu niutembee tena, angenipa, si mtu mbaya. Sikuomba. Kona ya pili nilikuta mtaro mpya, mwembamba, na gurudumu la mbele likaingia ndani yake kama mguu ndani ya kiatu. Nilisikia sauti ya ukuni mkavu unaovunjwa juu ya goti. Nilipotazama, unyayo wangu wa kulia ulikuwa umegeukia mahali ambapo unyayo haugeukii, na juu kidogo ya kifundo palikuwa na tundu dogo ambalo ncha ya mfupa ilichungulia na kurudi.

Muuguzi wa kituo cha afya cha Lusangi aliufunga mguu kwa mbao mbili, akaosha lile tundu, akamwambia mjomba wangu Ramazani, aliyeitwa kutoka kijijini kwetu, mbele yangu: "Kuvunjika si kitu. Shida ni hiki kidonda. Huyu aende hospitali Kasongo leo."

Mjomba alishukuru sana. Kisha, tulipotoka, akasema, "Kasongo watakata. Tunaenda kwa mzee Sumaili."

Kwetu, hospitali ni ya malaria na uzazi. Mfupa ni kazi ya muungaji. Na sitaki kudanganya: mzee Sumaili ameunga mikono na mbavu za nusu ya kijiji chetu. Nilipokuwa mtoto aliunga kiwiko changu, na hata leo kinanyooka. Kosa halikuwa lake peke yake. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia maneno ya muuguzi. Nilimwuliza mjomba baadaye, akaniona kama niliyekosa adabu. Utaingiaje nyumbani kwa mzee, ukae juu ya mkeka wake, halafu umletee maneno ya kijana wa kituo cha afya? Ni kumtukana. Kwa hiyo kwa heshima, watu wote walinyamaza, na mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza.

Sasa nieleze juu ya kuku.

Anayeunga mfupa kwetu haungi mfupa wa mtu peke yake. Huomba kuku, huvunja mguu wake pale pale ulipovunjika wa mgonjwa, humfunga kwa majani yale yale na vijiti vidogo vya aina ile ile, kisha humweka kwenye kikapu kando ya mgonjwa. Siku kuku atakapotembea, mgonjwa naye ainuke. Wangu alikuwa jike, mwenye manyoya mekundu, mkali. Alinitazama siku nzima kwa jicho moja.

Ukiwa na mguu uliovunjika, wageni hawakosi. Lakini wageni wangu walimwamkia kuku kwanza.

"Kuku iko namna gani?" aliuliza mama Mwajuma, jirani yetu, kabla hajaketi.

"Inakula muzuri," mama yangu alijibu.

"Na kijana?"

"Yeye hakuli."

"Basi amuige kuku."

Wakacheka, wakainama kikapuni, wakamgusa kuku kidole, wakaridhika, wakaenda. Wengine hawakunitazama kabisa. Mwalimu wangu wa zamani alikuja na kuniambia kwamba rangi ya kuku ni nzuri. Homa ilikuwa imeanza, jasho lilinitoka, chini ya majani mguu ulikuwa unawasha na kunuka kama maji ya muhogo uliolowekwa siku nyingi. Walisema ni harufu ya dawa.

Wiki ya nne kuku alitoka kikapuni, akavuka ua na kwenda kuchakura kwenye pumba za mpunga. Mama alipiga kigelegele. Mjomba aliitwa, mzee Sumaili aliitwa, mama Mwajuma hakuitwa lakini alikuja. Nyumba ilijaa. Mzee alifungua vijiti, akaubonyeza mguu juu na chini, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mutoto wangu, unasikia namna gani?"

Ilikuwa kama msumari uliotoka motoni. Watu kama kumi na tano walikuwa wananitazama.

"Muzuri," nilisema.

Ndilo neno lililonigharimu kuliko mtaro wa Lusangi. Wewe unayesoma hii umelala, sikiliza. Watakuuliza hali yako kwa namna ambayo jibu tayari limo ndani ya swali. Usiwape. Mzee wa watu aliuliza, angeweza kusikia, mimi nikampa uongo kwa sababu niliona haya.

Waliniinua. Hatua ya kwanza nilifika. Ya pili nilifika. Ya tatu mguu ulijikunja mahali pasipo na kiungo.

"Umeogopa," mjomba alisema. "Kuku haikulalamika."

Basi tukaendelea. Kila asubuhi, wiki mbili, mtu kushoto na mtu kulia, kutoka mkekani mpaka mlangoni na kurudi. Usaha ulianza kutoka kwenye lile tundu, kidogo, kisha si kidogo. Kuku alianza kutaga. Mama alinichemshia yai lake la kwanza niwe na nguvu. Nililila.

Feza ameolewa Kasongo. Habari zilimfikia kwamba ninapona, ila polepole, kwa sababu ni mvivu. Alikuja na pikipiki ya shemeji yake, akiwa na mtoto mgongoni. Aliingia, hakumwamkia kuku wala mtu, akasimama katikati ya chumba.

"Kitu gani kimeoza humu?"

"Ni dawa," mama alisema.

Feza alipiga magoti, akafunua majani, akatazama. Alifunika tena. Alimwambia mama kwa utulivu ulionitisha, "Mama, shika mutoto wangu. Mimi nachukua wa kwako."

Safari sitaielezea. Nilikaa kati ya dereva na Feza, mguu umefungwa kwenye ubao unaotokeza pembeni, na kila shimo la barabara kutoka kwetu mpaka Kasongo lilipita ndani ya mfupa wangu. Viangazi vitatu niliyajua mashimo kama adui ninayemheshimu. Siku ile niliyachukia tu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Nataka mjue kuhusu benchi, kwa kuwa hakuna aliyenionya. Unafika, unapewa karatasi, unaambiwa ungoje. Wanaita majina, wanaita vibaya, na ukikosea kuitika jina lako lililoharibiwa, karatasi inarudi chini. Jina langu ni Musafiri. Niliitwa Musafiri Musa, Musa Safari, halafu Safari peke yake. Feza alikuwa anaitikia yote. "Ni sisi," anasema, "ni sisi, hata ukikohoa ni sisi." Picha ya mfupa, ambayo wao huiita radio, ilichukua siku tatu, kwa sababu mashine ilikuwepo, mwenye mashine alikuwepo, lakini jenereta halikuwa na mafuta. Siku ya pili mafuta yalipatikana na mwenye mashine akawa amekwenda kwenye matanga. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu nasi, aliyemleta mumewe kwa ajili ya bega, alitugawia karanga siku zote tatu bila kutuuliza kitu. Simjui jina. Nikimkumbuka, hasira inapungua.

Daktari aliishika picha dirishani. Alikuwa kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alisema mfupa haujaungana, na kipande chake kimekufa, na kilichokufa hakitoki chenyewe. Watasafisha. Kama baada ya kusafisha kidonda hakikauki, watakata chini ya goti.

"Mpaka lini?" Feza aliuliza.

"Tuone mpaka mavuno ya mpunga."

Tangu siku ile sikuhesabu tarehe. Nilihesabu kusafishwa, na kati ya kusafishwa, kubadilishwa bendeji kila baada ya siku mbili. Kusafishwa kwa kwanza, mpunga ulikuwa umetoka tu ardhini. Kwa pili, ulifika kiunoni, Feza alisema. Muuguzi wa chumba chetu aliitwa Zaina. Alikuwa na mdomo mchungu na mikono mizuri. Bendeji ikikauka inashika nyama, na wauguzi wengine huivuta. Zaina alikuwa anapasha moto maji ya chumvi kwanza, analowesha, anangoja, huku anatugombeza sisi wote kwa uchafu. Ilimchukua muda mara mbili ya wenzake. Hakuna aliyemwagiza afanye vile.

Mwili ulibadilika, nikawa ninaukataa. Paja lililokuwa gumu kama mchi likawa mkono wa mtoto. Ngozi ya unyayo ilibanduka magamba. Nywele za mguu ule zikawa ndefu kuliko za mguu mwingine, sijui kwa nini. Kitandani pa jirani palikuwa na mzee aliyevunjika paja, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Alikuwa anasema amekuwa mzigo unaongojea gari. Alinichekesha nilipokuwa sitaki kucheka, jambo ambalo huuma.

Bwana Assani alikuja mara moja, ametoka Salamabila siku mbili njiani. Alileta biskuti na fulana mpya ya njano.

"Bila-Breki, kiangazi kinachokuja tunaanza na Kabambare. Utakuwa tayari?"

Nilimfunulia mguu. Alitazama mpaka akawa hana pa kutazama. Akasema ile baiskeli amempa kijana mwingine kwa muda, ili isikae bure. "Kwa muda," alirudia. Fulana aliiacha kwenye kitanda. Zaina aliipenda, ni pamba, akauliza kama anaweza kuipasua awe na kitu cha kushikia sufuria ya maji ya moto. Nilimwambia achukue.

Mpunga ukaanza kuvunwa, na kidonda kilikuwa bado kinatoa. Daktari alisema atafungua mara ya tatu, ndani zaidi, kutafuta kipande kilichokufa. Asipokipata chote, atakata siku ile ile, nikiwa bado kwenye usingizi wa dawa, ili asinifungue tena. Alitaka saini ya mkubwa wa familia. Baba yetu alifariki zamani. Mkubwa ni mjomba Ramazani. Aliitwa. Alifika na mama, na alifika ameamua.

"Tunamurudisha kwa mzee Sumaili," alisema, amesimama miguuni pa kitanda changu, anaongea na Feza. "Dawa yake ilikuwa nzuri. Kuku ilipona. Sasa hivi iko na watoto saba. Kama mutu hakupona na kuku ilipona, basi kuna mutu anazuia. Hiyo si kazi ya hospitali."

Feza alifungua kinywa. Nilimtangulia, na hata sasa sijui sauti ilitoka wapi, kwa kuwa maisha yangu yote mjomba anaposema mimi hutazama vidole vyangu.

"Mujomba."

Aligeuka.

"Kuku alivunjwa na mukono, polepole, mufupa wake haukutoka inje. Wa kwangu ulitoka. Muuguzi wa Lusangi alikuambia shida ni kidonda. Hukumwambia mzee. Na mzee aliponiuliza, mimi nilimudanganya. Ilikuwa inauma. Iliuma siku zote zile. Hakuna mutu anazuia. Sisi ndio tulinyamaza."

Mzee wa mfuko wa mchanga aliacha kutafuna. Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Nani alikufundisha kusema hivyo mbele yangu?" mjomba aliuliza.

"Yeye amelala miezi mine bila kusema," Feza alisema. "Acha amalize."

"Nimemaliza," nilisema. "Kama watakata, wakate. Mimi sitarudi kwenye ule mukeka."

Mjomba alitoka. Alikaa barazani muda mrefu hata tukafikiri ameondoka. Mama alisogea, akashika unyayo wangu mzima, ule wa kushoto, akausugua kama nilipokuwa mtoto mwenye baridi. Mjomba aliporudi alimwomba Zaina kalamu, akatia saini bila kusoma, akaitupa kalamu juu ya blanketi. Mpaka leo ana hasira nami. Salamu yake ni fupi. Nimekubali.

Niliingia chumba cha upasuaji bila kujua nitaamka na nini. Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kwa macho kama blanketi lina vilima viwili. Lilikuwa navyo. Zaina alinionyesha bakuli la chuma: kipande cha mfupa, kirefu kama kidole cha shahada, cheusi upande mmoja, chenye matundu kama kilicholiwa na mchwa. Nilikiangalia muda mrefu. Nilikuwa nimetembea juu yake wiki mbili.

Kidonda kilikauka polepole kuliko ninavyoandika. Walinitia plasta ngumu iliyoachwa dirisha pembeni ili kidonda kionekane. Sisimizi waliingia humo, nikawafukuza kwa bua. Mvua za mwisho zikapita, vumbi likarudi, na plasta ikakatwa. Mguu wa kulia ni mfupi kwa vidole viwili. Hauwezi kukunja kifundo. Sitashuka tena kwa baiskeli mbele ya watu, daktari alisema, na kwa mara ya kwanza niliuliza maswali mpaka nikaelewa kwa nini. Nililia siku mbili. Siku ya tatu Zaina aliniambia nimelia vya kutosha, niondoke kitandani, kuna mtu benchini anakingoja.

Feza alinirudisha kwetu kwa pikipiki. Tulipofika juu ya mlima wa mwisho, dereva alikataa kushuka na abiria wawili na magongo, mvua ilikuwa imeila barabara vibaya. Wabeba mawese walikuwa wamepumzika pale. Mmoja alitukopesha baiskeli yake mpaka chini, yeye abebe magongo. Nilikaa nyuma kwenye kibebeo, mguu mfupi umenyooka pembeni, na Feza akashika usukani, akitembea kando. Hajawahi kushuka na baiskeli maisha yake yote.

"Rudisha uzito nyuma," nilimwambia. "Kaa kushoto. Kushoto, dada. Hapo kuna mtaro. Usiubane mguu wangu. Unauma hapo, juu ya kifundo. Pole pole. Sasa unauma zaidi. Nimesema kushoto."

Katikati ya mlima alisimama, jasho linamtiririka, baiskeli imeegemea nyonga yake.

"Musafiri, tangu juu mpaka hapa unasema tu."

"Ndiyo," nilisema, "na bado kuna kona mbili."